Mahindi yenye unyevu: yanunuliwe kwa punguzo la wazi, au yarudishwe nyumbani?

Mtoa hoja, Mbozi

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo hutugawa wakulima na wanunuzi wa Nyanda za Juu Kusini kila mwaka ambao mvua huchelewa kukatika. Mahindi yanapofika kwenye mizani yakiwa na unyevu uliozidi kiwango, je, mnunuzi ayakatae na kumrudisha mkulima alikotoka, au ayapokee kwa punguzo la bei linalojulikana na kila mtu, kisha kazi ya kuyakausha aifanye yeye? Mimi nashika upande wa pili, na nitaeleza sababu zangu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba, na mwaka ulio mzuri hukatika mwishoni mwa Aprili au katikati ya Mei, mahindi yakabaki shambani yakipigwa jua na upepo wa kipupwe mpaka gunzi liiname lenyewe. Hindi likikomaa, yaani lile doa jeusi likitokea mahali punje inaposhikana na gunzi, bado karibu theluthi ya uzito wa punje ni maji. Kuyatoa maji hayo hadi yafikie asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachokubaliwa na viwango vya Afrika Mashariki, ni kazi ambayo sisi tumemwachia jua. Mvua ikiingia Juni, au ukungu ukishinda kutwa, jua haliwezi kuimaliza kazi hiyo, lakini ada ya shule, deni la mbolea na kibarua aliyevuna havingoji.

Msimu mmoja nilipeleka magunia 40 kwenye kituo cha ununuzi nisichotaka kukitaja. Kipimo kilisoma asilimia 16. Nikaambiwa hayajakauka, nirudi nayo. Gari lilikuwa la kukodi, mawingu yalikuwa juu, na kabla sijafika hata njia panda dalali alikuwa amekwishanisimamisha. Alitaka kila kilo kwa bei iliyo pungufu kwa shilingi 150 kuliko ya kituo. Niliuza.

Sasa tupige hesabu, kwa maana mjadala huu mara nyingi huendeshwa kwa hasira na si kwa kalamu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16 lina kilo 84 za nafaka kavu kabisa na kilo 16 za maji. Likikaushwa hadi asilimia 13.5 linabaki na kilo 97 na kidogo. Maji yaliyozidi, basi, hayafiki hata kilo 3. Tuseme kilo inanunuliwa kwa shilingi 600: maji hayo yana thamani ya shilingi 1,750 hivi kwa gunia. Dalali alinikata shilingi 15,000. Hata gunia la asilimia 20, ambalo kila mtu angeliita bichi, hubaki na kilo 92 na nusu likikauka, kwa hiyo haki ya mnunuzi ni kilo 7 na nusu, pamoja na gharama ya kukausha. Tofauti kati ya hesabu hii na kile tunacholipwa ndiyo ninayoilalamikia. Mkulima haombi alipwe kwa maji. Anachotaka ni maji yapimwe mbele yake kama uzito unavyopimwa, na yakatwe kwa kadiri yalivyo.

Nako kuna upande wa pili wa hesabu ambao hatuuzungumzii. Mwenye subira akikausha hadi asilimia 11, mnunuzi anampongeza tu kwa mahindi yanayolia kama kokoto, ilhali kila kilo 100 zake ni sawa na karibu 103 za kiwango kinachotakiwa. Hizo tatu zimekwenda bure. Kama unyevu una bei, uwe na bei pande zote mbili.

Mfanyabiashara wa nafaka, Makambako

Kamwene. Mzee wangu wa Mbozi amepiga hesabu nzuri, lakini ni hesabu ya maji peke yake, na mnunuzi haogopi maji, anaogopa yanayofuata. Nafaka yenye unyevu inapumua. Ukiirundika inazalisha joto, joto linavuta kuvu na wadudu, na gunia moja lililo bichi katikati ya shehena huharibu majirani zake. Nimewahi kufungua turubai Dar es Salaam nikakutana na mvuke usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya ugali. Hasara ya shehena ile haikukatwa kwa kilo 3 kwa gunia.

Lipo pia suala la soko la nje. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayoachwa na kuvu kwenye nafaka. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini likaacha masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tangu hapo mimi sinunui unyevu kwa moyo mwepesi. Na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ndio kabisa, kwa kuwa mahindi yake hukaa ghalani muda mrefu yakisubiri mwaka wa upungufu. Akiba ya nchi haichezewi ili mkulima mmoja asipate usumbufu wa kurudi nyumbani.

Niseme na lingine, ingawa halitapendeza. Wakulima wenzetu wanajua kipimo kinachomwa wapi. Mahindi makavu huwekwa mdomoni mwa gunia na mabichi yakawekwa tumboni. Ndiyo maana huko vijijini, tunakonunua kwa debe na bila mashine yoyote, mfanyabiashara hujilinda kwa kujaza gunia kupita kiasi. Tunalaumiwa kwa lumbesa, lakini kwa sehemu lumbesa ni fidia ya uzito utakaopotea njiani.

Mtoa hoja, Mbozi

Nashukuru kwa ukweli huo, kwa sababu umelisema wewe jambo ambalo ningelisema mimi ningeitwa mchochezi. Kama lumbesa ni fidia ya unyevu, mbona huiachi Julai na Agosti, mahindi yamekwisha kukauka na gunia bado lina kilemba? Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Makato yanayofichwa ndani ya kipimo hayana wa kuyahoji, ndiyo maana nataka yatolewe hadharani.

Kuhusu mahindi makavu mdomoni na mabichi tumboni, sikatai kwamba yapo. Dawa yake ni bambo refu, ile chuma ya kuchomea gunia na kutoa sampuli, linalofika chini ya gunia. Kumkataa kila mtu si dawa.

Mama mkulima, Mufindi

Nyote mnasema "akaushe" kana kwamba kukausha ni kitendo cha jua. Kwangu kukausha ni mimi. Turubai linatandazwa asubuhi ukungu ukipanda, linageuzwa kila baada ya muda, linakunjwa mbiombio wingu likitokea, na siku hiyo siendi kwenye viazi wala kwenye chai. Kuku, mbuzi na watoto wa jirani wote wanataka kulindwa. Wiki tatu za namna hiyo hazimo kwenye hesabu ya baba wa Mbozi wala ya kaka wa Makambako.

Na kinachouma zaidi ni kwamba tunauza Juni kwa bei ya kutupa kwa kuwa hayana pa kukaa, kisha Februari tunanunua debe la unga kutoka kwa hao hao tuliowauzia. Kama mnunuzi atayapokea mabichi kwa makato ya haki, mimi sitambeza. Bali naomba kwanza kijiji kiwe na ghala lenye sakafu kavu na mashine ya kukaushia ya ushirika, hata moja, ili uamuzi wa kuuza uwe wangu na usiwe wa mawingu.

Afisa ugani mstaafu, Njombe

Naomba kutenganisha vitu viwili ambavyo mjadala unavichanganya: mahindi yenye unyevu na mahindi yaliyooza. Hindi lenye asilimia 17 lakini zima linaweza kukaushwa likawa chakula bora. Hindi lililoanza kuoza kwenye gunzi likikaushwa hadi asilimia 12 bado ni bovu, kwa sababu kukausha humsimamisha kuvu asiendelee, hakuiondoi sumu aliyokwisha kuiacha. Kwa hiyo makato ya unyevu yasije yakawa mlango wa kuingizia uozo. Unyevu upunguziwe bei, uozo ukataliwe.

Kuna jambo la kwetu ambalo huenda wengi hawalijui. Aflatoksini, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, hustawi zaidi penye joto, na hasa mmea ulipopata ukame shambani kisha nafaka ikahifadhiwa na unyevu. Katika baridi ya Njombe, Makete na Mufindi, mvua inapoyakuta mahindi yamekomaa, adui wa kwanza ni kuvu wa aina nyingine, wale wanaoligeuza gunzi kuwa la waridi au jeupe kama pamba, na baadhi yao huacha sumu iitwayo fumonisini. Mnunuzi anayepima aflatoksini peke yake anaweza kupitisha shehena yetu yenye tatizo na akalala usingizi. Viwango vya Afrika Mashariki vimeiwekea fumonisini kikomo chake pia, lakini ni vituo vingapi vinaiuliza?

Niongeze ya vitendo kwa ufupi. Msiyaache mahindi yaliyokomaa yasubiri shambani ati yakauke huko huku mvua inanyesha. Vunja, menya, yapandishe kichanjani penye paa na upepo. Msipukuchue kwa mashine yakiwa mabichi, kwani punje hupasuka na kila ufa ni mlango wa kuvu. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri mno dhidi ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa nafaka ghalani, lakini ukitia humo mahindi mabichi umeyavundika. Asiye na kipima unyevu achukue chupa kavu, atie punje na chumvi kavu, aitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na safari ya sokoni iahirishwe.

Mkulima wa mpunga, Mbarali

Kwa sisi wa Usangu mahindi yenu yana nafuu. Mpunga ulioiva ukinyeshewa unalala, kombaini inazama, na vibarua wanapandisha ujira siku hiyo hiyo. Ukiuanika kwa pupa jua likitoka, punje inapasuka ndani na mashineni unatoka chenga. Bei ya chenga mnaijua.

Mtoa hoja, Mbozi

Nakubali alichosema afisa ugani, na nasahihisha hoja yangu: punguzo liwe kwa mahindi mazima tu, na liwe na ukomo, tuseme asilimia 18. Juu ya hapo mnunuzi awe na haki ya kukataa, kwa kuwa hatari aliyoieleza kaka wa Makambako inaanza kuwa ya kweli.

Lakini hoja kwamba haiwezekani kabisa siipokei, kwa sababu yapo mahali yanakofanyika. Marekani, ghala za vijijini hupokea mahindi mabichi kila vuli, na mkulima anajua kabla hajapakia atakatwa kiasi gani kwa kila asilimia iliyozidi na atalipa kiasi gani kwa kukaushiwa. Sisemi huko ni peponi. Vuli ya mwaka 2009 ilikuwa ya mvua na mavuno yalikokota mguu hata baadhi ya mashamba ya kaskazini yakavunwa mwaka uliofuata, na mwaka 2019, mahindi yalipochelewa tena, gesi ya kuendeshea mashine za kukaushia ilipungua na watu wakapanga foleni. Soko la nafaka la Chicago linaweza kupanda kwa hofu ya mavuno kuchelewa, na mwenye mahindi mabichi asione faida hiyo kwa sababu ya makato na gharama ya gesi. Mvua inamuumiza mkulima wa huko pia. Tofauti ni kwamba yeye anaona kwenye karatasi imemuumiza kwa kiasi gani.

Kwetu ningeanza na mambo mawili tu. La kwanza, kipima unyevu kikaguliwe na Wakala wa Vipimo kama mizani inavyokaguliwa, na kisomwe mbele ya mkulima. Mizani iliyochezewa tunaishtaki. Kipima unyevu kilichochezewa tunakiamini kwa kuwa kina namba za kung'aa. La pili, jedwali la makato libandikwe ukutani kabla ya msimu, pale pale panapobandikwa bei.

Mfanyabiashara wa nafaka, Makambako

Jedwali nitalikubali, na hata kukaguliwa nitakubali, mradi likaguliwe na gunia lote na si mdomo wake tu. Swali langu halijajibiwa. Mashine ya kukaushia inakula dizeli na inataka mtu wa kuilinda, na mwaka wa jua kali itakaa kutu miezi kumi na miwili. Mama wa Mufindi anataka iwe ya ushirika. Mimi nimeona mali za ushirika zikifa kwa kukosa mkanda wa shilingi elfu 20. Nikiinunua mimi, makato yangu yatabeba dizeli, mlinzi na ile miaka ya kutu, na mzee ataniita mnyonyaji kwa mara nyingine.

Mama mkulima, Mufindi

Kaka, iwe ya ushirika, nawe uwe mteja wake. Mwaka wa jua kali itakausha maharage na mbao.

Mfanyabiashara wa nafaka, Makambako

Maharage sawa, dada yangu. Mbao zinataka tanuri lake. Lakini nitajieni bei ya kukaushia gunia moja kwenye hiyo mashine yenu, nami nitawaambia kama Juni ijayo nitapita Mufindi kabla ya Mbozi.