Carpenters: tuzungumzie zile ambazo hazikupigwa redioni

Mwanaidi wa Chumbageni

Hodi humu ndani. Nina swali kuhusu Carpenters, wale ndugu wawili wa Marekani, Karen mwimbaji na kaka yake Richard, ila kabla sijaliuliza niwaeleze limetoka wapi.

Marehemu baba alikuwa na kanda yao moja. Ilikuwa na zile ambazo kila aliyekulia karibu na redio anazijua: "Close to You", "Yesterday Once More", "Top of the World", "Rainy Days and Mondays", "Superstar". Tuliisikiliza mpaka utepe ukalegea, sauti ya Karen ikawa inayumba kama taa ya chemli kwenye upepo. Kwangu mimi Carpenters walikuwa hizo tu. Nyimbo tamu, za harusini na za kuagia wageni. Ukishazijua umemaliza.

Mwezi uliopita tumefungua sanduku la baba mdogo. Alikuwa baharia, na tangu afariki hakuna aliyegusa santuri zake. Nyingi zimeliwa na ukungu. Nimeokoa tatu za Carpenters: Close to You ya 1970, A Song for You ya 1972 na Passage ya 1977. Nimeziosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, nikilinda ile karatasi ya katikati isilowe, nikazianika juu ya kanga.

Kwenye Close to You, wimbo uliobeba jina la albamu ndio unaofunga upande wa kwanza. Naamini watu wengi waliishia hapo, wakanyanyua sindano, wakaurudia. Mimi nikageuza. Wimbo wa tatu upande wa pili unaitwa "Crescent Noon". Nilikuwa napeta mchele, ungo ukabaki magotini. Unakwenda taratibu mno, majira ya mwaka yanapita, kila kitu kinanyauka, na Karen anaimba chini, chini kabisa, bila kuisukuma sauti. Alikuwa na miaka 20! Ule si utamu wa kanda ya baba. Mle ndani mna majonzi ya mtu mzima.

Tangu siku hiyo najiona kama niliyekaa miaka arobaini sebuleni kwa watu bila kujua nyumba ina vyumba vingine. Kwa hiyo nauliza: nyimbo zipi nyingine zimelala ndani ya albamu zao, ambazo hazikuingia kwenye kanda za "bora zaidi"? Shemeji yangu naye anashikilia kwamba Karen alikuwa mpiga dramu. Ni kweli, na nitamsikia wapi? La mwisho, kwenye Passage kuna wimbo umeandikwa "B'wana She No Home". Neno letu limefikaje huko?

Babu Kinanda, Mombasa

Mwanangu Mwanaidi, umenifurahisha sana. Nimepiga piano kwenye hoteli za pwani hii kwa miaka ishirini na sita, na hao ndugu wawili wamenilisha.

Shemeji yako hakosei. Karen alianza na dramu tangu shuleni kule Downey, California, na mwenyewe alijitambulisha kuwa ni mpiga dramu anayeimba. Tafuta albamu yao ya kwanza ya 1969. Ilitoka kwa jina la Offering, ikanunuliwa na wachache, kisha ikatolewa tena kwa jina la Ticket to Ride. Dramu zote mle ni zake. Sikiliza "All I Can Do", ambao una mapigo matano badala ya manne. Jaribu kupiga makofi kuufuata, utaona mikono inakuacha. Huyo binti wa miaka 19 anaupiga kama anayetembea uani kwao. Baadaye watu walitaka kumwona mbele kwenye maikrofoni, na studioni dramu za nyimbo nyingi zilizotamba akapiga Hal Blaine, mpiga dramu wa kukodiwa. Bado kwenye Now & Then ya 1973 alirudi kwenye kiti chake karibu albamu nzima.

Hapo kwenye Close to You, baada ya "Crescent Noon" unafuata "Mr. Guder". Usiuruke. Mwaka 1967 Richard na rafiki yake John Bettis walikuwa wameajiriwa Disneyland kupiga nyimbo za zamani. Wageni wakawa wanaomba nyimbo mpya, vijana wakazipiga, wakafukuzwa. Guder ni jina la bosi wao. Wimbo ule unapinda huku na huku, sauti zinaingiliana, unapoa, unalipuka tena. Nauelewa kwa mwili wangu. Meneja mmoja aliwahi kusimama nyuma yangu mbele ya wageni akaniambia nisipige kitu ambacho hakipo kwenye orodha yake. "Close to You" ilikuwepo kwenye orodha. Niliipiga kila usiku, mara mbili, mara tatu.

Lakini wageni wakishakwenda kulala na wahudumu wanapindua viti juu ya meza, nilikuwa napiga "Road Ode". Unao huo, mwanangu, umo kwenye A Song for You. Albamu ile ilitoa singo nyingi mno, yaani nyimbo zilizouzwa moja moja nje ya albamu, kwa hiyo zilizobaki zikafunikwa. "Road Ode" waliutunga wanamuziki wa bendi yao, Gary Sims na Dan Woodhams. Ni wimbo wa watu waliochoshwa na safari za maonyesho. Unaanza kwa unyonge, halafu unapanda mpaka unahisi basi zima linalia. Mpishi wetu, Mgiriama mmoja asiyejua Kiingereza, alikuwa akitoka jikoni kuusikiliza. Akaubatiza "ule wa wasafiri", na hakuna aliyekuwa amemwambia unahusu nini.

Kwenye santuri hiyo hiyo uweke na "Crystal Lullaby". Huo usiku tu.

Neema wa kwaya, Arusha

Bi Mwanaidi shikamoo, Babu shikamoo.

Mimi nawajua Carpenters kwa upande wa sauti. Nilipoingia kwaya nikiwa na miaka 15, mwalimu aliniweka sauti ya kwanza kwa sababu ni msichana na msichana lazima apande. Nilikuwa nakohoa kila Jumapili. Sauti yangu inakaa chini, na nilidhani ni kasoro. Siku moja mama mlezi wa kwaya akanipa simu yake nisikilize "Love Me for What I Am", ndani ya albamu Horizon ya 1975. Huo haukuwahi kuwa singo. Karen anaanza kule chini kabisa, mahali ambapo mimi nilikuwa nafichwa nisisikike, na kule ndiko anakotawala. Jumapili iliyofuata nikamwomba mwalimu anihamishie sauti ya pili. Sasa ndiye mimi ninayewafundisha sauti ya pili.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ule ukuta wa sauti nyuma yake, unaosikika kama kwaya nzima, mara nyingi ni Richard na Karen peke yao. Wanaimba, wanarekodi, wanaimba tena juu ya walichorekodi, tena na tena, kila mstari kwa zamu. Kwa kuwa ni mtu na kaka yake, sauti zimetoka tumbo moja, zinashikana bila kuacha ufa. Nimejaribu na mdogo wangu kwa simu mbili. Tulifika safu ya nne mtoto akaamka, lakini safu zile nne nimezihifadhi.

Kwenye Horizon msikilize pia "Aurora" na "Eventide". Kimoja kinafungua albamu, kingine kinaifunga, tuni ni ile ile, na kila kimoja hakifiki hata dakika mbili. Asubuhi na jioni. Tatizo ni kwamba vipande kama hivyo haviwezi kuingia kwenye mkusanyiko. Ukikitoa kimoja mahali pake kimekufa. Ndiyo maana napenda mtu asikilize albamu yote, hata pale penye udhaifu.

Salim, Maskati

Assalamu alaykum. Dada Mwanaidi, nianze na "bwana" wetu.

Wimbo ule ni wa Michael Franks, mtunzi wa Marekani wa nyimbo zenye harufu ya jazi. Wake ulisema "He", Carpenters wakageuza kuwa "She". Neno lenyewe Wamarekani walikuwa nalo siku nyingi kutoka vitabu na filamu za safari za kuwinda, na wimbo hauhusiani na kwetu. Mimi jina lilinikera, nikaliacha hivyo miaka. Halafu nikausikiliza. Sauti zile za pamoja zilipangwa na Gene Puerling, fundi mkubwa wa kupanga sauti za waimbaji, na Karen anacheza na mapigo kwa namna ambayo redio haikutuonyesha kamwe. Bado jina silipendi. Wimbo naupenda.

Passage yote ni albamu ya watu waliotaka kutoka nje ya boma. Angalia jalada vizuri, utakuta orkestra inaitwa Overbudget Philharmonic. Ni orkestra ya Los Angeles, mkataba wao haukuruhusu jina litajwe. Na mle ndani mna "I Just Fall in Love Again". Karen aliuimba kwa ukamilifu wote, ukaachwa ndani ya albamu. Mwaka 1979 Anne Murray akautoa yeye, ukatamba.

Lakini hapa niwapinge kidogo, Babu na Neema wasinichukie. Msiziseme vibaya zile za redioni. "Top of the World" nayo ilikuwa imelala ndani ya A Song for You mwaka 1972, wala hawakuifikiria kuwa singo. Lynn Anderson akairekodi kwa mtindo wa kantri, ikafanya vizuri, wasikilizaji nao wakawa wanaitaka ya Carpenters. Wakairekebisha, wakaitoa 1973, ikafika namba moja Marekani. Kwa hiyo ukuta kati ya wimbo maarufu na uliosahaulika ni mwembamba kuliko tunavyodhani. Mara nyingine ni uamuzi wa mtu mmoja ofisini siku moja.

Na mwisho nenda kwenye "Now". Karen aliurekodi Aprili 1982, wa mwisho kabisa. Tarehe 4 Februari 1983 akafariki, miaka 32, moyo umedhoofishwa na ule ugonjwa wa kujinyima chakula. Wimbo ukatoka mwaka huo huo ndani ya Voice of the Heart. Mwili ulikuwa umeisha, sauti haikuisha. Mimi huusikiliza mara moja kwa mwaka tu.

Mwanaidi wa Chumbageni

Nimewasoma wote mara mbili. Ahsanteni sana.

Neema mwanangu, marahaba. Nimekaa nikaufikiria ule ukuta wa sauti, nikarudia "Close to You" yenyewe, ile ya kanda ya baba. Kweli, ni wawili! Nimeisikia maisha yangu yote na sikuwahi kuwahesabu. Salim, hapo umenishinda, nakubali: siiachi ile ya redioni, nimeanza kuisikia upya.

"Mr. Guder" nimeusikiliza nikimfikiria Babu na meneja yule. "B'wana" nimeuwekea alama, nitaurudia nikiwa peke yangu.

Jana usiku umeme ulikatika, ukarudi saa nne. Mama alikuwa hajalala, ana miaka 78 na usiku kwake ni mrefu. Nikaweka "Crystal Lullaby" sauti ya chini. Akauliza, huyu ndiye yule wa baba yenu? Nikamwambia ndiye. Akanyamaza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu hakuniomba, nikatazama, alikuwa amelala.

Babu, mjukuu wangu anajifunza kinanda. Msikitini kwetu haruhusiwi, anajifunzia kwa jirani. Anataka "Road Ode". Kodi za kinanda (chords) za pale mwanzoni, kabla haujapanda, unaweza kutuandikia hapa?

Babu Kinanda, Mombasa

Mwambie asubiri Ijumaa. Nitakaa kwenye piano nizitoe moja moja nisimpe kitu cha kukisia. Na mwanzo aupige polepole kuliko anavyodhani.