Tobramaisini ya kuvuta, naweza kuichanganya na salbutamoli kwenye nebulaiza?

mama_junia
Habari wadau, naombeni msaada. Bi mkubwa aliugua TB mwaka 2009 akapona ila mapafu yalibaki na makovu, kila masika ni makohozi ya kijani. Safari hii wameotesha makohozi wakakuta mdudu anaitwa Pseudomonas, kapewa tobramaisini ya kuvuta, antibiotiki, kichupa cha miligramu 300 asubuhi na kingine jioni, siku 28 halafu apumzike 28. Leo ya tisa. Sasa umeme wa huku Machame unakatika ovyo na ana salbutamoli pia, ile ya kufungua kifua, nikawaza niweke zote kikombe kimoja niwashe nebulaiza (mashine ya mvuke) mara moja tumalize. Inaruhusiwa? Maana akishavuta ile tobramaisini anakohoa balaa na kifua kinambana. Halafu anasema anasikia nyenje masikioni, ila ana miaka 71 nahisi ni uzee tu

kijenge_boy
Mpe tangawizi na asali, hizo dawa za mvuke ni biashara

nesi_wa_kifua
Tangawizi haiui Pseudomonas bana. Mama Junia usichanganye kabisa, tobramaisini inavutwa peke yake. Anza salbutamoli, subiri kama robo saa, mgonge mgongo atoe makohozi, ndo tobramaisini ije mwisho, hapo njia zimeshafunguka na kifua hakibani sana. Umeme ukikatika jioni msubirie, ila kati ya dozi na dozi isipungue masaa 6, na akiikosa usimpe mbili kwa mpigo.
Ila mimi kilichonishtua ni hao nyenje. Hiyo tobramaisini ni ukoo mmoja na streptomaisini, ile sindano ya TB, inaweza kugusa masikio na figo hata ikivutwa. Anameza dawa gani nyingine? Ya presha? Ya kukojoa?

mama_junia
Ya kukojoa, Lasix kila asubuhi, miguu inamvimba. Daktari wa kifua hakuuliza na sisi hatukusema, kile kidonge tumeshakizoea kama majani ya chai

nesi_wa_kifua
Dada hiyo ndo yenyewe. Lasix na tobramaisini haziendi pamoja, Lasix inaongeza ile sumu ya masikio. Mpigie daktari KABLA ya dozi ya jioni, mwambie mlio na mwambie Lasix. Lasix usimwachishe mwenyewe, miguu na moyo navyo vina mambo yake.

mzee_soweto
Mwanangu usipuuze. Mimi 2014 nilichomwa kanamaisini za TB sugu, ukoo huo huo, mlio ukaanza hivyo hivyo nikanyamaza nikidhani ni uchovu, leo sikio la kushoto ni pambo tu. Sindano zile WHO walishashauri ziachwe lakini sikio langu halirudi. Ya kuvuta inaingia kidogo kwenye damu sawa, lakini mzee wa miaka 71 na figo zake je

usariver_fundi
Tulimuuguza dingi na hiyo hiyo. Vichupa vinakaa friji, kwa umeme wenu msiogope sana, nje ya friji vinavumilia siku 28 kama pako pa baridi pasipozidi digrii 25, ila jua na mwanga hapana, viache kwenye ile pakiti yake. Unjano kidogo ni kawaida. Kikombe osha kwa sabuni kila akimaliza, na kila siku ya pili vipande vyake vichemshe dakika 10 (mpira wa hewa hapana!!) vikauke hewani usifute na kitenge. Na kikombe hicho usimuazime jirani hata akilia pumu

mama_junia
Nimempata daktari, kasema tobramaisini isimame leo, Lasix aendelee nayo, kesho tushuke hospitali ya KCMC Moshi apimwe figo na masikio, tubebe kila dawa ya nyumbani kwenye mfuko. Bi mkubwa amekasirika, amehesabu vichupa 39 vimebaki anasema pesa ya ng'ombe imekaa kwenye friji