Masta wa D&D anayefuata kitabu pale tu kinapowafaa maadui wake, vinginevyo anabuni papo hapo: NIMECHOKA

Wakuu, salaam. Nina dukuduku na leo silali nalo.

Wanaocheza Dungeons & Dragons watanielewa haraka. Kwa wasioujua mchezo: kila mtu mezani ana mhusika wake, na mmoja wenu, masta, anasimulia dunia, anaendesha maadui na kuamua pale kanuni zinapoishia. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wako, mnaangalia kama umefikia namba aliyoitaja masta.

Sasa sikieni. Mpiganaji wetu, levo ya 5, pointi za uhai 44, hajaguswa hata na mkwaruzo, kasukumwa kutoka mnara wa futi 30. Kitabu cha kanuni hapo hakihitaji mwanasheria: kila futi 10 za kuanguka ni dadu moja ya pande sita. Kwa hiyo dadu tatu, na hata ukiwa na nuksi ya ukoo mzima unapoteza 18. Jamaa anaokota dadu, masta anamzuia: "Hapana. Kiuhalisia mtu akianguka pale anakufa."

Kafa! Mhusika tuliyekuwa naye tangu mwanzo wa hadithi, kafa bila dadu kuguswa.

Tukameza. Baada ya muda mfupi, vita ileile, mchawi wetu akamrusha kiongozi wa majambazi kwa uchawi wa ngurumo, kwenye ukingo uleule. Masta huyooo, kitabu mkononi, dadu tatu, jumla 9. Jambazi akajikung'uta vumbi akaanza kupanda ngazi kuturudia. Uhalisia ghafla uko likizo. Nilipouliza, tena kwa heshima, nikaambiwa masta ndiye mwenye neno la mwisho.

Mkidhani tatizo lake ni kubuni sana, subirini. Kikao kilichofuata dada mmoja akamwaga mafuta kwenye ngazi ili wanaotufukuza wateleze. Masta kapekua kurasa weee, akatoa hukumu: kitabu kinasema mafuta yanawaka, hakisemi yanateleza. Jamani, mafuta hayatelezi? Hapo ndipo mahali pa kubuni! "Anayepita arushe dadu, ajumlishe wepesi wake, chini ya 10 anaanguka." Mchezo unaendelea, hakuna aliyeumia.

Na msiniletee hoja kwamba kanuni zinaua ubunifu. Ubishi huo ni mkongwe kuliko D&D yenyewe, iliyotoka 1974. Maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wa vita wa mezani, Kriegsspiel, ambao ofisa mwenzao Reisswitz aliutoa 1824 ukiwa umejaa majedwali ya kuamulia matokeo. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, akasema majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake. Sawa kabisa, ila yule mwamuzi hakuwa na jeshi lake mezani; pande zote mbili zilikuwa za wachezaji wengine. Wetu mazimwi yote ni ya kwake. Ni refa anayevaa pia jezi namba 9 ya wapinzani, halafu anataka tumwamini kwenye penalti.

Ninachodai ni kidogo mno. Hukumu itoke kabla ya dadu, na ikishatoka imbane na yeye hadi mwisho wa kikao; vitabu tukafungue baadaye tukibishana. Anataka kuanguka kuue? Poa, atangaze kabla hatujapanda mnara, tutajifunga kamba.

Mwenye mpiganaji ameshajitoa kwenye grupu bila kuaga. Wenye uzoefu, mtu kama huyu anaambiwa pembeni au mbele ya meza nzima? Wa "anzisha kundi lako" piteni kimya kimya, mchango wa kununua vile vitabu ulitoka mifukoni mwetu sote.