MREJESHO: Bastola ya kubeba kiunoni, nimeshachagua

Wakuu, nilikuja hapa kuulizia bastola ndogo ya kubeba kwa kificho huku Houston, Texas: Glock 19 au SIG P365? Asanteni sana. Nilimsikiliza aliyesema nikodi zote mbili kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kununua. P365 inafichika hata chini ya fulana, ila kidole changu cha mwisho kinaning'inia hewani, na teke lake si mchezo! Nikachukua Glock 19, inayobeba risasi 15. Holsta (mfuko wa kuvalia bastola kiunoni) ya kitambaa ya bei chee, niliyojichagulia mwenyewe kwa ubishi, imekula kwangu: nikiinama kumfunga mtoto mkanda wa gari, kitako cha bastola kinabenua shati. Nimenunua ngumu inayofunika kifyatulio chote, imetulia. Nikikaa garini bado inanichoma tumboni, hilo sijalitatua.