Laptopu mpya ya 650,000 au EliteBook iliyotumika? Naomba ushauri, kazi zangu ni nyepesi

MwalimuWaVwawa

Habarini wakuu. Niko Vwawa, Songwe, nafundisha shule ya msingi. Nina laki saba mkononi, na humo humo nauli ya Mbeya na begi la kubebea vimo. Nimebaki na mashine mbili kichwani, na kila ninayemuuliza ananisifia ile inayofanana na ya kwake.

Ya kwanza ni mpya, iko kwenye boksi lake, duka la hapa hapa Vwawa. Kioo inchi 15.6, prosesa Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, hifadhi ya mafaili GB 64, waranti mwaka mmoja. Anataka 650,000 na kushuka hataki, hata begi hatoi. Ya pili ni HP EliteBook 840 G5 iliyotumika, iko Mwanjelwa, Mbeya. Prosesa Core i5, RAM GB 8, hifadhi ya SSD GB 256, anataja 580,000. Kona moja imechubuka na kwenye kifuniko kuna alama ya stika iliyobanduliwa, bila shaka ya ofisi ya huko ilikotoka.

Kazi zenyewe: mitihani ya majaribio kwenye Word, ikiwemo ya hisabati yenye maumbo ya kuchora, matokeo kwenye Excel, azimio la kazi na andalio la somo, kuingia ESS (mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma) kujaza PEPMIS, yaani tathmini ya utendaji kazi, na PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, pale mwalimu mkuu anapokumbuka kwamba mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa shule. Jioni mwanangu ataangalia katuni. Gemu hakuna, kuhariri video hakuna. Umeme wetu mnaujua.

Mume wangu anasema mtumba ni nguo na viatu, mashine mtu hununua mpya. Nusu namwamini, maana hiyo ya Mwanjelwa ni toleo la 2018. Lakini mwalimu mwenzangu ana mpya ya aina hiyo hiyo ya dukani, na akishafungua Excel ya madarasa yote anaenda kubandika chai, akirudi ndiyo inafunguka. Nifanyeje?

FundiAggrey

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Nauza na kutengeneza laptopu Kariakoo, kwa hiyo nihesabu kama mtu mwenye maslahi, ila kwa umbali huo sina cha kukuuzia.

Upya wa boksi ni kitu kimoja, upya wa kilichomo ni kingine. Hiyo N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019, na hata ilipotoka ilikuwa ya daraja la chini: viini viwili, basi. Kwenye 840 G5 utakuta zaidi i5-8250U au 8350U, za 2017, viini vinne vinavyobeba kazi nane kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hao wawili wamepishana miaka miwili tu, na mkubwa ndiye mwenye nguvu. Kwa mbali sana.

Lakini kwa kazi zako prosesa isingeniumiza kichwa. Kinachoniumiza ni GB 4 na GB 64. Microsoft wenyewe wametaja hizo hizo, RAM GB 4 na hifadhi GB 64, kuwa kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Hapo mashine inawaka, na kuwaka si kufanya kazi. Fungua kivinjari chenye ESS, Excel pembeni, Word ya mtihani, RAM imekwisha. Hifadhi nayo Windows inameza sehemu kubwa, ikija apdeti kubwa inadai nafasi ambayo huna, unaanza kufuta picha za mahafali. Na huwezi kuongeza: hifadhi ya aina hiyo, eMMC, imechomelewa kwenye bodi, na RAM kwenye nyingi za namna hiyo nayo imechomelewa. Muulize muuzaji kama kuna sloti. Akianza kukueleza uzuri wa rangi, umeshajibiwa.

840 G5 ina sloti mbili za RAM na SSD ya kuchomoa. Mwaka kesho ukipata posho unaongeza GB 8, jambo la bisibisi tu.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo watu wengi wanapigwa. Windows 10 iliacha kuhudumiwa 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Mashine za kizazi cha sita na cha saba, kama 840 G3 na G4, zipo tele sokoni na bei zake zinavutia, na muuzaji atakwambia "Core i5" halafu anameza mate. Core i5 bila namba haikuelezi kitu. Mwambie aisome yote: i5-8250U inaanza na 8, ni kizazi cha nane. i5-6300U ni cha sita, hata kama imepigwa Windows 11 kwa ujanja. Umeandika "Core i5" tu hapo juu, kwa hiyo hakikisha ni G5 kweli na si kifuniko cha G5.

Binti_Mhasibu

Mimi nasimama na shemeji, kidogo. Fundi kasema kweli yote ila karuka neno moja: umeme.

N4020 imepangiwa wati 6, hizo i5 wati 15. Mashine ndogo inakula kidogo, nyingi hazina hata feni, kwa hiyo hakuna kitu cha kuvuta vumbi la chaki ndani. Na betri yake haijaguswa na mtu. Ya mtumba imekaa ofisi ya watu miaka, imechomekwa kwenye chaja mchana kutwa, inakuja huku inaonyesha asilimia mia halafu umeme ukikatika inakufa katikati ya sentensi. Ukitafuta betri nyingine utauziwa iliyoandikwa jina halisi nje, ndani Mungu ndiye ajuaye. Hapo 580,000 yako imeshapita 650,000.

Ila hata mimi ya GB 4 sikushauri. Kama moyo wako uko kwenye mpya, vumilia mpaka ufikie yenye Intel N100. Hiyo ni ya 2023, viini vinne, wati 6 zile zile, na tafuta yenye GB 8 na SSD. Kwa laki saba sidhani utaipata leo, lakini kama pesa si ya moto, subiri mshahara mmoja au miwili.

FundiAggrey

Dada hapo kwenye betri umenishika, sibishi. Ila betri inapimika kabla ya kutoa pesa. Mwalimu, fanya hivi ukiwa dukani, muuzaji akinuna mwache anune.

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakwambia imehifadhi faili wapi, lifungue. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo uliobaki. Ikibaki chini ya asilimia 60, punguza bei ya betri nzima au ondoka. Kisha ichomoe kwenye chaja, kaa nayo nusu saa huku unaandika kitu. Ripoti ni maneno, nusu saa ni ushahidi.

Zima, washa huku unagonga F10. Ikidai nenosiri kabla ya kukuingiza kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), na muuzaji halijui, usinunue hata kwa laki mbili. Kwenye Dell ni F2, ThinkPad ni F1.

Halafu hiyo stika iliyobanduliwa. Mashine za ofisi nyingine huwa bado zimefungwa kwenye mfumo wa kampuni hata baada ya kufutwa. Dawa yake: muuzaji aifute na kuirudisha Windows upya mbele yako, wewe uwashe hotspoti ya simu, uanze kuisajili ikiwa na intaneti. Ikikuletea jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini, rudisha mezani. Bila intaneti hilo halionekani, ndiyo maana wengine watakwambia "ruka hapo kwenye waifai, dada".

Ukikuta ThinkPad T480 kwa bei hiyo hiyo iangalie pia. Kizazi cha nane vile vile, ila ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine inachomoka kwa nyuma bila bisibisi. Kwa mtu wa kukatikiwa umeme hiyo ndiyo ningechukua. Zote mbili zinachaji kwa USB-C, chaja ikifa hutafuti pini ya ajabu.

Mzee_wa_Pengwini

Au achukue hiyo ya GB 4 aweke Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word na Excel. Bure, nyepesi, virusi vya flashi za shuleni vilivyoandikiwa Windows havimuhusu. ESS inafunguka kwa Firefox bila shida.

MwalimuWaVwawa

@Mzee_wa_Pengwini asante baba, lakini mitihani yangu inakwenda kwa flashi hadi stationari, kule wana Word. Pembetatu zangu zikihama kutoka swali la 34 kwenda la 36 wazazi watanikuta nyumbani.

Wakuu, nilikwenda Mwanjelwa Jumamosi. Namba ni i5-8350U, G5 kweli. BIOS imefunguka bila nenosiri. Kurudisha upya muuzaji aliguna, akasema itachukua muda, nikamwambia basi la mwisho bado. Hakuna jina la kampuni lililotokea. Betri: ilitoka na 50,000, imebaki 38,000. Nikampigia hesabu hiyo kwenye simu mbele yake, tukafika 545,000 na begi juu. T480 alikuwa nayo moja, ila kioo kina doa jeupe katikati, nikaiacha.

Shemeji yenu kaigeuza, kaigonga mgongoni kama anayechagua tikiti, kasema "nzito kidogo, hii ni chuma." Nadhani amekubali.

Tatizo moja ambalo hakuna aliyenitahadharisha: kibodi. Naandika "zoezi" inatoka "yoeyi". Na alama ya jumlisha na ya sawasawa kwenye Excel hazipo zilipoandikwa.

FundiAggrey

Hahaha, imetoka Ujerumani hiyo. Kibodi zao Z na Y zimebadilishana nafasi, na Windows yako umeisajili kwa mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo vidole vinafuata herufi na mashine inafuata nafasi. Haijaharibika.

Njia mbili. Kama unaandika huku unaangalia vitufe, nenda Settings, Time & language, Language & region, ongeza kibodi ya German. Kila kitu kitatoka kama kilivyochapwa, ila alama ya sawasawa utaipata kwa Shift na 0, na mkwaju (/) kwa Shift na 7. Kama unaandika bila kuangalia, iache ya Kimarekani, ununue stika za herufi ubandike juu. Ni bei ndogo, Mbeya zipo. Kibodi yenyewe usikubali kubadilishiwa, kwenye hiyo mashine lazima ifumuliwe karibu yote.

Binti_Mhasibu

Kwa Excel nakushauri stika. Fomula mia za Shift na 0 utachoka kidole kabla ya muhula kuisha.

MwalimuWaVwawa

Stika basi. Kuna mtu anajua duka lenye nyeusi zenye herufi nyeupe, zisizobanduka kwa jasho? Nikipata kabla ya Alhamisi ni vizuri, matokeo ya darasa la sita yanatakiwa.