Mrejesho: toroli mbili zilizogongana na jouli 3 zilizopotea

Niliuliza kwa nini toroli ya kilo 2 yenye mwendo wa mita 3 kwa sekunde, ikigonga toroli ya kilo 1 iliyosimama na kugandana nayo, huhifadhi momentamu (tungamo mara mwendo) ilhali nishati mwendo hushuka kutoka jouli 9 hadi 6. Nawashukuru mlionielekeza nitazame mgongano wenyewe badala ya kuhangaika na kanuni.

Nilichukulia kwamba udongo wa mfinyanzi ulio kati yao hubonyea kwa sekunde 0.02 chini ya kani isiyobadilika. Toroli zote zinafika mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo kani, yaani badiliko la momentamu kugawanywa kwa muda, ni nyutoni 100 kwa kila moja, pande zinazopingana, na kwa kuwa muda ni uleule, momentamu iliyopotea huku ndiyo iliyopatikana kule. Nishati, hata hivyo, hutegemea kani mara umbali, na umbali haulingani: ya nyuma husogea sentimita 5 na kupoteza jouli 5, ya mbele husogea sentimita 2 tu na kupata jouli 2. Tofauti ya sentimita 3 ndiyo kina cha udongo uliobonyea, nako ndiko zilikoishia jouli 3, nyingi zikiwa joto. Jambo hili, kwa maoni yangu, lingestahili kufundishwa kabla ya kanuni yoyote.