Tupeane uzoefu: kupamba mayai ya Pasaka na watoto

Mama Pacha, Lanet

Jameni, Pasaka ndiyo hiyo imebisha hodi. Shule zimefungwa, mvua ya masika haiwapi watoto nafasi ya kutoka nje, na pacha wangu wameona kwenye katuni mayai yamepakwa rangi. Sasa sina amani. Nimenunua trei ya mayai ya gredi, yale ya kahawia, na chupa ndogo ya rangi ya chakula. Samawati ilivyogusa ganda ikageuka kijani cha matope. Mliowahi kufanya hii kazi na watoto, mlitumia nini? Na baadaye mayai mliyapeleka wapi? Mayai 30 si ya kuchezea halafu yatupwe.

Mfugaji wa Njoro

Rangi yako haina kosa, mama. Kuku wengi wa mayai tunaofuga huku ni wale wa kahawia, na mayai yao ni kahawia. Ukitaka rangi zing'ae tafuta kienyeji, ambayo huwa na ganda la krimu, mengine yanakaribia kuwa meupe kabisa. Uliza uruhusiwe kujichagulia mwenyewe kwenye beseni. Muuzaji akinuna mwambie ni ya watoto.

Na usichukue yaliyotagwa jana. Yai jipya ukilichemsha ganda linang'ang'ania, unamenya na nusu ya yai inaondoka nalo. Likikaa wiki moja, hewa ya ukaa inakuwa imetoka kupitia vitundu vya ganda, ute haushikamani tena na ule utando wa ndani, na kumenya kunakuwa rahisi.

Nyar Kisumu

Mimi rangi ya dukani niliachana nayo. Naenda soko la Kibuye kwa akina mama wa vitunguu. Wanapovipepeta kuondoa maganda, chini yao panabaki lundo ambalo hakuna anayelitaka. Unajaziwa mfuko bure, ila uwe tayari kuulizwa kama huko kwenu mambo yamekuwa magumu kiasi hicho.

Maganda yajaze nusu sufuria, weka maji yafunike, chemsha kama nusu saa hadi maji yawe mekundu ya kuiva. Yapoze, yachuje, tia vijiko viwili vya siki. Siki inalila ganda kidogo sana, utaona viputo vidogo vikipanda, na hapo ndipo rangi inashika. Usiliache yai lilale ndani ya siki tupu, ganda litakwisha.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Chukua yai bichi, lilowanishe, bandika jani la dhania. Mtoto alitandaze kwa ncha ya kidole mpaka kila kijipande cha jani kilale, kisichosimama hata kimoja, kwa sababu pale jani linapoinuka rangi itapenya chini. Kisha lifunge kwa kipande cha stokingi kuukuu, kaza nyuma kwa uzi. Chemsha ndani ya ile rangi dakika kumi hadi kumi na mbili, zima moto, liache humo lipoe. Ukikata uzi na kubandua jani, chini yake limebaki umbo la dhania na mishipa yake yote, na pembeni pote ni nyekundu ya kahawia. Futa kwa tone la mafuta ya kupikia ling'ae. Hii inakubali hata kwenye mayai yako ya gredi, Mama Pacha, kwa sababu rangi ya kitunguu na ya ganda zinaelewana.

Manjano ya unga inatoa njano nzuri kwenye kienyeji. Kabichi ya zambarau inatoa samawati, lakini ukiyalaza mayai usiku kucha, na kwenye ganda jeupe tu.

Baba wa Wawili, Kondele

Mimi nilifanya mwaka 2024, Pasaka ilipoangukia tarehe 31 Machi, siku ileile mashindano ya magari ya Safari Rally yalipokuwa yanamalizika Naivasha. Vijana wangu hawakutaka maua wala sungura, walitaka magari. Niliwapa kipande cha mshumaa mweupe wachore juu ya yai lililochemshwa, kisha tukalitumbukiza kwenye rangi. Palipopita nta rangi haishiki, gari linabaki limechorwa kwa rangi ya ganda. Kreyoni nayo inafanya vivyo hivyo.

Kuhusu kutupa, hilo kwangu halipo. Watoto wa hapa wanajua boilo, yaani yai la kuchemsha, na kachumbari na pilipili. Gari la kwanza lilipasuliwa likiwa bado la moto.

Mama wa Kiamunyi

Yakishachemshwa yasizidi saa mbili mezani. Weka kwenye friji, yaliwe ndani ya wiki. Ambaye hana friji achemshe ya kutosha siku hiyo tu.

Shangazi, Mbale (Vihiga)

Ngojeni niwape ya kwetu. Mimi nililelewa kwenye boma ambalo yai halikuwa la mtoto. Nyanya alisema mtoto akila mayai atachelewa kusema, na wanawake wa rika lake kuku mwenyewe hawakuwa wakimla, walipika tu. Firigisi mpaka leo ukimpa mtu asiyestahili panazuka kikao. Yai lilikuwa la kuatamiwa, kifaranga kikue, jogoo auzwe, mtu aende shule. Nani angelipaka rangi?

Pasaka iliyopita wajukuu walikuja kutoka Nakuru na pakiti ya rangi. Waliingia kwenye kiota cha kuku aliyekuwa ameatamia karibu wiki, wakaanza kukusanya. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga. Hakufoka. Aliuliza tu: "Na mwenyewe ameambiwa?" Watoto wakatazamana. Mwenyewe ni kuku.

Basi akawaita ndani, akafunga dirisha, akaacha upenyo mwembamba wa mlango ambao jua linapita. Akashika yai kwa vidole viwili, akalielekeza kwenye ule mwanga, akalizungusha polepole. "Ona." Ndani kulikuwa na doa jeusi na vijishipa vyekundu vimetawanyika kutoka kwake. Hilo likarudi kwa mama yake haraka kabla halijapoa. La pili lilikuwa na mwanga mtupu, njano ya taa bila doa. "Hili halina mbegu, chukueni." Watoto walisahau rangi kabisa, kila mmoja anataka zamu ya kutazama. Yule mdogo alitaka kujua kama kifaranga naye anawaona.

Yasiyo na mbegu ndiyo yakapambwa, lakini ya kutazama tu. Yai lililokaa chini ya kuku siku zote hizo msile. Tuliyatoboa juu na chini kwa sindano, tukasukuma hewa kwa bomba jipya la sindano kutoka agroveti, duka la dawa za mifugo, mpaka uchafu wote ukatoka, tukayasuuza, yakaanikwa. Msipulize kwa mdomo, vijidudu vya tumbo viko hapohapo kwenye ganda. Ya kula tulinunua dukani.

Nyar Kisumu

Shangazi, "mwenyewe ameambiwa" nimeiiba, nitaitumia nyumbani.

Mwalimu wa watoto, Kakamega

Nafundisha Sunday school, na swali ninaloulizwa na wazee wa kanisa kila mwaka ni lile lile: yai liko wapi kwenye Biblia? Haliko, na mimi siwaambii watoto kwamba liko. Lilikuja kwa njia ya Kwaresima. Zamani Ulaya kanisa lilikataza mayai siku zote za mfungo, lakini kuku hawajui Kwaresima, wanaendelea kutaga. Pasaka ikifika yamejaa nyumbani, yanachemshwa, yanagawiwa, yanapambwa.

Majirani zetu Waorthodoksi wao kwa desturi huyapaka nyekundu, kwa ajili ya damu ya Kristo, na ganda kwao ni kaburi. Kisha watu wawili wanagonganisha mayai, mmoja anasema "Kristo amefufuka", wa pili anajibu "Kweli amefufuka", na ambaye lake halijapasuka anasonga mbele kwa mwingine. Huo mchezo nimeuleta darasani na hakuna mzee aliyenung'unika, labda kwa sababu una maneno ya kanisa ndani yake. Pasaka yao mara nyingi hupishana na yetu: 2024 ilikuwa tarehe 5 Mei, 2025 tukakutana tarehe 20 Aprili, 2026 yao ni tarehe 12 Aprili na yetu ni tarehe 5. Mtoto mwenye rafiki huko anakula mayai mara mbili, na wanalijua hilo vizuri sana.

Mama Pacha, Lanet

Asanteni sana, na Shangazi nisalimie nyanya. Nyar Kisumu, nikiwapa hawa wawili yai bichi wafunge stokingi, nitafagia ute hadi Pentekoste. Je, naweza kuchemsha kwanza?

Nyar Kisumu

Unaweza, dada. Chemsha yaive, yapoe, ndipo wabandike jani na kufunga. Halafu yalaze kwenye rangi iliyopoa, ndani ya friji, hadi asubuhi. Itatoka hafifu kidogo, lakini inatoka. Stokingi iwe ile nyepesi. Soksi ya shule nyuzi zake ni nene, zitaacha mistari yai zima.

Mfugaji wa Njoro

Na tumia sufuria kuukuu. Maganda ya vitunguu yanaacha rangi, na hutaki kueleza kwa nini ugali wa Jumatatu una madoa.